Altezza Haiuawi na Umri: Majibu kwa Madai Tisa ya Vijiwe vya Majengo

Toyota Altezza iliingia sokoni Japani Oktoba 1998, ikatwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka nchini humo katika msimu wa 1998 hadi 1999, na uundaji wake ukakoma 2005. Kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imekwishatimiza miaka 20. Bado zinatembea Dodoma: utaziona zikipita sokoni Majengo, utazikuta zimeegeshwa Area C, na asubuhi utapishana nazo kwenye lami ya kwenda Mtumba. Anayeipenda ana sababu. Ni gari la michezo lenye milango minne, linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, na familia nzima inaenea ndani.

Tatizo ni kwamba kila anayelinunua hukabidhiwa pia mzigo wa maneno. Toa kile, ziba hiki, weka oili nzito, usiguse mwenyewe. Maneno hayo husemwa kwa uhakika mkubwa na watu wanaokutakia mema, na ndiyo yanayoua magari haya kabla ya wakati wake. Altezza ilitoka kiwandani na kipimo cha kila kitu: unene wa oili, joto la injini, urefu wa springi, upepo wa tairi. Mwenye gari anayevijua vipimo hivyo na kuvifuata anaweza kulitunza gari lake mwenyewe, kibarazani kwake Majengo, kwa miaka mingi ijayo. Nitayachukua madai ninayoyasikia mara nyingi na kujibu kila moja.

Dai la kwanza: "Gari la michezo halikuundwa kwa barabara zetu."

Historia ya Afrika Mashariki inakataa. Mbio za magari za Safari zilianza 1953, zikipita katika ardhi ya Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi, matope na makorongo ambayo leo tumeyasahau kwa sababu ya lami. Mwaka 1971 mshindi alikuwa Edgar Herrmann akiendesha Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili lenye bodi ya chini. Mwaka 1973 Datsun 240Z ikashinda tena, safari hii ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Toyota Celica nayo ikachukua ushindi wa 1992, 1993 na 1994. Injini ya Celica hizo, yenye tabo, ni ya ukoo wa 3S, na ukoo huohuo ndio uliopo chini ya boneti ya Altezza RS200.

Magari hayo hayakushinda kwa kuwa hayaharibiki. Yaliharibika sana. Yalifika kwa sababu kila kituo palikuwa na mtu wa kukagua, kukaza, kusafisha na kubadilisha kabla kitu hakijakatika. Joginder Singh, aliyeshinda 1965, alikuwa fundi, na Volvo PV544 aliyoiendesha ilikuwa imekwishakimbia mbio hizohizo mwaka uliotangulia. Gari lililotumika, dereva anayelijua kwa mikono yake: hilo ndilo somo letu. Kinacholishinda gari la michezo katika barabara zetu ni kuachwa bila kukaguliwa.

Dai la pili: "Mwenye gari akishika spana anaharibu. Kazi ya fundi aachiwe fundi."

Dai hili lina heshima ndani yake, na fundi mzuri anastahili heshima hiyo. Lakini fundi huliona gari likishaharibika. Wewe unalisikia kila siku. Ni wewe utakayegundua kwamba asubuhi hii limewaka kwa shida, kwamba kuna tone jipya la oili sakafuni, kwamba usukani unavuta kushoto kuliko wiki iliyopita. Mtu anayejua kusoma stiki ya oili, kufungua filta ya hewa, kukagua mikanda, kusafisha vichwa vya betri na kutoa plagi atafika gereji akiwa na maelezo, na fundi mwenye maelezo habahatishi.

Kuna jambo moja halina mjadala. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde ya kuokota nati. Jeki ya mafuta hushuka sili ikichoka, na jeki ya gari huteleza ardhi ikiwa laini, na ardhi yetu ni ya kichanga. Weka stendi za chuma zenye uwezo wa uzito wa gari, mahali pagumu palipo sawa, magurudumu mengine yamezuiwa, kisha lisukume gari uone kama limetulia ndipo uingie. Asiye na stendi afanye kazi za juu tu, nazo ni nyingi.

Dai la tatu: "Dodoma ni joto. Toa themostati, jaza maji ya bomba, gari halitachemsha."

Hapa nitakaa kidogo, kwa maana hili ndilo dai linalomaliza injini nyingi kuliko mengine yote.

Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa ili ipate joto upesi. Joto likipita nyuzi 80 hivi mlango unaanza kufunguka na maji yanaenda kwenye rejeta. Ukiitoa, injini haifiki joto lake, hasa asubuhi za Juni na Julai ambapo Dodoma hutulazimisha kuvaa sweta. Kompyuta ya gari inaposoma kwamba injini bado ni baridi, inaongeza petroli. Petroli iliyozidi inaosha oili kwenye kuta za silinda, plagi zinajaa masizi, na mwenye gari anaanza kulalamika kwamba Altezza inakunywa mafuta. Kibaya zaidi, kuna themostati zenye kisahani cha pili kinachoziba njia ya mkato injini ikishapata moto. Ukizitoa hizo, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ulitaka kuzuia kuchemsha, ukaongeza kuchemsha.

Sasa maji. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huu maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 96, wala si 100 kama Dar es Salaam. Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima hubana presha ndani ya mfumo na kupandisha kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 115. Mpira wake ukikauka, presha inavuja, na gari linachemsha ingawa rejeta, feni na pampu ya maji ni vizima. Nimeona watu wakibadilisha gasketi ya silinda hedi kwa tatizo la mfuniko. Anza na kitu rahisi.

Tena maji yetu kwa sehemu kubwa hutoka ardhini, kwenye visima vya Makutupora, na maji ya visima yana chumvichumvi. Birika lako la chai linakuonyesha ukoko mweupe unaobaki baada ya muda. Ukoko huohuo hujenga ndani ya vijia vyembamba vya rejeta. Weka kulanti ya kiwango kinachoandikwa kwa magari ya Toyota. Ikiwa ni ya kuchanganywa, changanya na maji yaliyotoneshwa. Kulanti huzuia kutu kwenye alumini ya silinda hedi na kulinda sili za pampu. Na mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Mvuke unaotoka unachoma uso.

Dai la nne: "Gari kuukuu linataka oili nzito."

Oili nzito ilizifaa injini za zamani zenye nafasi kubwa kati ya vyuma. Altezza zote mbili zinazojulikana huku, RS200 yenye injini ya 3S-GE na AS200 yenye 1G-FE, zina mfumo wa VVT-i. Mfumo huu hugeuza muda wa kufunguka kwa valvu kwa kutumia presha ya oili inayopita kwenye chujio dogo na vali nyembamba. Oili nzito hufika huko kwa kuchelewa, hasa injini inapowashwa asubuhi, na dakika hizo za kwanza ndizo zenye kusaga vyuma. Dalili zake ni mlio juu ya injini, silensa isiyotulia na nguvu inayokuja kwa kuchelewa. Halafu mtaa unasema injini imechoka.

Fuata unene uliotajwa na Toyota: 5W-30, au 10W-30 kwa hali ya joto kama yetu. Kama injini inakula oili, tafuta inakopita. Inaweza kuwa sili za valvu, inaweza kuwa ringi, inaweza kuwa gasketi ya kava la juu inayovujisha nje. Oili nzito inaficha moshi kwa miezi michache na ugonjwa unaendelea. Kwa vumbi letu, kubadilisha oili na filta yake kila kilomita 5,000 ni desturi nzuri na ni kazi ya saa moja nyumbani. Nati ya sampo ikazwe kwa kiasi, na washa yake iwe mpya. Wengi huikaza kwa nguvu zote mpaka hesi zinakatika. Oili chafu usiimwage mtaroni. Irudishe kwenye dumu na umpelekee anayeikusanya.

Dai la tano: "Filta ya hewa piga upepo tu, au weka koni ili gari lipumue."

Kati ya Julai na Oktoba upepo wa uwanda huu hubeba vumbi laini lenye chembe za mchanga, na chembe hizo ni ngumu za kutosha kukwaruza silinda. Filta ya karatasi ndiyo ukuta pekee kati ya vumbi hilo na injini. Upepo wa kompresa ya gereji unaopigwa kwa karibu hupanua vitundu vya karatasi au kuichana mahali usipopaona. Filta inaonekana safi na inapitisha mchanga. Ukilazimika kuisafisha, igonge taratibu, na upepo uwe hafifu, kutoka upande wa ndani kwenda nje. Kisha iangalie dhidi ya mwanga. Ukiona tundu, nunua mpya.

Koni ina kasoro mbili hapa kwetu. Ikikaa wazi ndani ya boneti inavuta hewa ya moto inayotoka kwenye rejeta, na hewa ya moto ni nyepesi, hivyo nguvu hupungua. Pili, koni nyingi za bei ya chini huchuja vibaya. Kinachoongezeka kwa hakika ni mlio. Boksi la kiwandani huvuta hewa kutoka mbele, na lina bomba la mpira ambalo baada ya miaka 20 hupasuka kwenye mikunjo. Kagua mpira huo. Ufa mdogo unaingiza hewa isiyochujwa na kuichanganya kompyuta, na ndicho chanzo cha taa nyingi za injini ambazo watu huzizima kwa mashine bila kutibu.

Dai la sita: "Likitoka Dar linakuwa zito. Injini imekwisha, nunua nyingine."

Kabla hujauza ng'ombe kwa ajili ya injini, kumbuka mwinuko. Presha ya hewa Dodoma ni pungufu kwa takriban asilimia 12 kuliko pwani. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kidogo zaidi, inachoma petroli kidogo zaidi, na inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu. RS200 ya gia za mkono inayotajwa kuwa na nguvu za farasi 210 haiwezi kuzitoa zote hapa, hata ikiwa mpya kabisa. Ni maumbile ya hewa, na kila gari lisilo na tabo linalopanda kutoka pwani linayapata.

Ukishuku injini, pima. Kipimo cha kompresheni hufungwa mahali pa plagi, injini inazungushwa kwa stata, na unaandika namba ya kila silinda. Usizilinganishe namba zako na za kitabu peke yake, kwa maana mwinuko unazishusha pia. Zilinganishe zenyewe kwa zenyewe. Zikiwa karibu sawa, injini ina afya, na tatizo lipo kwenye plagi, koili, pampu ya mafuta au hewa. Moja ikiwa chini sana, weka kijiko cha oili kwenye silinda hiyo upime tena: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, tazama valvu au gasketi. Kipimo cha nusu saa kinaweza kuokoa fedha za injini nzima, na injini hiyo ya pili ya mtumba nayo huijui historia yake.

Kuna kitu kimoja kwenye injini hizi ambacho hakisubiri dalili, nacho ni taimingi belti. 3S-GE na 1G-FE zote zinatumia mkanda wa mpira. Kama umenunua gari bila kumbukumbu ya lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa kamwe.

Dai la saba: "Gari la michezo lazima likae chini. Kata springi."

Altezza ina mikono miwili ya juu na chini kwa kila gurudumu, mbele na nyuma. Mfumo huo ndio unaoifanya ishike kona vizuri, na pembe zake zimepangwa kwa urefu halisi wa springi. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi, shokapu inafanya kazi nje ya eneo lake, pembe za magurudumu zinaharibika na tairi zinaliwa upande wa ndani. Juu ya matuta ya barabara zetu za mitaa, sampo nayo inagonga. Ukitaka Altezza yako ishike kona kama siku ya kwanza, badilisha bushi zilizopasuka na bolijointi zilizolegea, kisha ipeleke kwenye mashine ya kupimia pembe za magurudumu. Wengi hawajawahi kuendesha Altezza yenye bushi nzima, na wakiiendesha hawatatamani msumeno.

Dai la nane: "Mafuta ya breki huongezwa, hayabadilishwi. Na tairi ni kashata tu."

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa mwaka hata mwaka. DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi. Yakishaingiwa na unyevu, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Mwenye kurudi kutoka Iringa akiteremka mlima Nyang'oro kuelekea Mtera anakanyaga breki mfululizo. Mafuta ya zamani yakichemka hapo, mapovu yanaingia kwenye mabomba na pedali inazama hadi chini. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Vilevile, kama yanapungua kwenye kikopo, kagua unene wa pedi na uvujaji kabla ya kuongeza.

Kuhusu tairi, kashata nzuri si ushahidi wa uzima. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi za DOT ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la mtumba lenye 2314 liliundwa wiki ya 23 ya 2014. Jua na miaka vimeshaukausha mpira wake, na katika kilomita 450 za lami ya moto kwenda Dar es Salaam linaweza kupasuka na kashata zake zote.

Dai la tisa: "Spea zake hazipatikani Dodoma."

Angalia magari yanayokuzunguka. Injini ya 1G-FE yenye VVT-i ndiyo hiyo iliyoko kwenye Mark II ya GX 110 na Verossa, magari yaliyojaa mjini. Filta, plagi, taimingi belti na pampu ya maji vinapatikana kwa yeyote anayehudumia GX 110. Sehemu nyingi za chini na za bodi zinashabihiana na Lexus IS 200, ambayo ni gari hilohilo kwa jina la kuuzwa nje ya Japani. Nenda dukani na namba ya chesesi, GXE10 au SXE10, na namba ya spea yenyewe. Anayeomba "pampu ya Altezza" atapewa iliyopo. Anayetaja namba atapewa yake. Kinachohusu breki, usukani na mkanda wa injini usikinunue kwa urahisi wa bei. Vitu hivyo vina bandia nyingi, na bandia yake ni ajali.

Pale mtaa unaposema kweli

Haya yote hayamfukuzi fundi. Taimingi belti kwa mara ya kwanza, kazi yoyote ya mifuko ya hewa, kufungua springi, kuchomelea chesesi na kufungua giaboksi ni kazi za mwenye vifaa na uzoefu. Mpelekee, mlipe vizuri, na ukiweza kaa pembeni uangalie. Fundi asiyependa kutazamwa anakupa sababu ya kutafuta mwingine.

Zaidi ya hapo, nunua daftari la kawaida. Andika tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na namba ya spea. Gari la miaka 20 lenye daftari lina thamani zaidi kuliko la miaka kumi lisilo na kumbukumbu, kwa sababu anayelitengeneza kesho hatalazimika kubahatisha. Altezza haziundwi tena, na kila moja inayokufa kwa oili isiyo yake au kwa themostati iliyotupwa haitapata mbadala. Wiki hii anza na mfuniko wa rejeta, filta ya hewa, tarehe za tairi na stiki ya oili. Vyote viko juu, havihitaji jeki, na kuvikagua hakukugharimu chochote.